Ute wa Mahindi na Mvua ya Matinyani

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeamua kuandika shajara ya msimu huu wa vuli kwa sababu leo shamba langu hapa Matinyani limeingia katika historia ya sayansi, na wanasayansi hawajui kuandika. Nilifundisha Kiswahili katika shule za Kitui na Makueni mpaka nikastaafu. Nimesahihisha insha za watu ambao leo ni madaktari, kwa hiyo nalisema hili nikiwa na ushahidi.

Binti yangu Nthenya amefika asubuhi kutoka chuo kikuu Nairobi na pikapu iliyobeba mabomba ya chuma, marobota ya nailoni na masanduku ya vyombo. Mama yake, Syombua, alipoona mzigo ule alidhani mtoto amerudi nyumbani moja kwa moja, akaanza kulia kwa furaha. Alipoambiwa ni vifaa vya utafiti aliendelea kulia, ila kwa sauti nyingine.

Anataka kile kipande cha chini, kando ya barabara. Nilimuuliza atapanda nini. Mahindi. Atayafanyia nini? Atachunguza ute.

"Ute gani?"

"Ule unaotoka kwenye ncha ya mzizi, Baba. Ukichimbua mzizi mchanga utaona unateleza kama kamasi."

Nimemsomesha mtoto tangu chekechea hadi shahada ya uzamifu, na safari yote hiyo imefika kwenye kamasi. Nilikunywa chai.

Jumanne, 8 Oktoba

Jua. Tumechimba mashimo ya nguzo. Mgongo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo, tukila muthokoi wa mchana, nilimtaka Nthenya aeleze mradi wake vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyezaliwa katika nyumba ya mwalimu.

Alieleza. Ute ule hushika maji karibu na mzizi udongo unapoanza kukauka, na pia huusaidia mzizi kupenya. Mahindi mengi ya kununua dukani, jua likizidi, huacha kuutoa. Baadhi ya mahindi yetu ya kienyeji huendelea kuutoa hata ardhi ikiwa vumbi. Anataka kujua kwa nini.

"Seli inatengeneza ute ndani, Baba, halafu inaufunga kwenye vifuko vidogo sana. Vifuko vinasafiri mpaka kwenye utando, yaani ile ngozi inayozunguka seli. Pale kuna protini za kuvipokea na kuvishikilia, na kuna nyingine za kuunganisha kifuko na utando, ndio ute umwagike nje. Protini hizo zikipungua, vifuko vinajazana huko ndani na mzizi unabaki mkavu. Nafikiri ukame unazipunguza kwa mahindi ya duka, lakini kwa yetu kuna kitu kinazilinda."

Nilikuwa na maswali kadhaa mazito. Syombua alinitangulia na lake moja.

"Huko chuoni kuna kijana yeyote anayechunguza hii maneno pamoja na wewe?"

"Yuko mmoja, Mwaitu," alimjibu mama yake. "Ana miaka sitini na mbili. Ndiye msimamizi wangu."

Syombua akaondoa sahani.

Jumapili, 13 Oktoba

Siku kubwa. Nthenya anahitaji mbegu za kienyeji kutoka nyumba mbalimbali, na Mchungaji Kimeu alinipa nafasi ya kutangaza kanisani. Nthenya aliniomba niseme mimi. Anadai Kiswahili chake kimeshika kutu, jambo ambalo nimekuwa nikilisema tangu alipojiunga na chuo.

Tatizo la mradi huu ni jina. Kwa Kiingereza unaitwa "membrane trafficking", na vitabu havina tafsiri. Lakini mimi si mtu wa kushindwa na neno mbele ya waumini. Neno "trafficking" nimelisikia kwenye taarifa za habari mara nyingi, na wasomaji wa habari wana Kiswahili chake. Basi nikasimama, nikasafisha koo, nikatangaza: "Binti yangu anachunguza ulanguzi mkubwa unaoendelea ndani ya mizizi ya mahindi yetu, na anaomba kila nyumba imsaidie."

Kanisa zima lilinyamaza kimya. Nilikichukua kimya kile kuwa heshima.

Baada ya ibada mzee wa kanisa Kilonzo alinifuata. Huyu ni jirani yangu, tumetenganishwa na ua wa minyaa tu. Alifiwa na mkewe mwaka juzi, na tangu hapo hana la kufanya ila kuchunguza mambo ya watu.

"Mwalimu, na polisi wanajua?"

Nilimwambia sayansi haiombi ruhusa kwa polisi.

Hata hivyo mbegu zilikuja. Kila nyumba ilileta kiasi. Nthenya alizitia katika bahasha, pamoja na za duka, na kuandika herufi, A mpaka K, bila majina, ili asije akapendelea mtu wakati wa kupima. Hata Kilonzo alileta zake, zimefungwa kwenye kitambaa, akazitoa kama mtu anayetoa jino.

Jumatano, 16 Oktoba

Tumepanda. Chuo kinataka mradi uwe na kibao kando ya barabara. Nthenya alikwenda Kitui mjini kununua misumari, nami nikaona nimpunguzie kazi. Nimekiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, mkono ukiwa imara kabisa:

ULANGUZI KATIKA UTANDO WA MIZIZI. UTAFITI UNAENDELEA. USIINGIE.

Amerudi jioni amechoka, akapita mlango wa nyuma. Hajakiona bado.

Jumamosi, 19 Oktoba

Polisi wamekuja.

Walikuwa wawili. Mkubwa wao, Afisa Mbuvi, alisimama mbele ya kibao changu na kukisoma kwa sauti kama anayesoma hati ya mashtaka. Kisha akauliza ni nani mwenye shamba. Syombua akaninyooshea kidole kabla swali halijaisha.

"Mzee, mimi niko kwa kazi hii miaka mingi. Sijawahi kuona mtu anaandika kibao."

Nilimweleza kuwa ni neno la kitaalamu. Aliuliza ni utaalamu wa nini. Nilimwambia ni wa vifuko vidogo vinavyobebwa kisirisiri hadi mpakani na kumwaga vitu nje. Nilipomaliza sentensi hiyo nilianza kuhisi kwamba haikunisaidia.

"Na hapa chini kumezikwa nini?"

"Mahindi."

"Chimbua."

Nthenya alifika akikimbia kutoka kisimani, akapiga kelele, "Sio hapo! Hiyo ni F!" Afisa Mbuvi akamwandikia mwenzake: F. Ilibidi Nthenya apige magoti, achimbue mbegu moja ya pembeni iliyokuwa imeanza kuota, aishike mbele ya uso wa serikali. Kwenye ncha ya mzizi, kweli, palikuwa na tone la kitu kinachong'aa. Afisa alikigusa kwa kidole. Kikavutika. Akajipangusa kwenye suruali haraka.

"Hii inalevya?"

"Hapana, afande. Inashika maji tu."

Alitafakari sana. Akaamuru kibao kitolewe kabla ya jua kutua, akaomba maji ya kunawa, akaondoka.

Nthenya hakunena nami mpaka jioni. Kisha alisema, "Baba, ungesema usafirishaji."

"Usafirishaji ni wa malori."

"Ulanguzi ni wa bangi!"

Nilichukua nyundo, nikaenda kung'oa kibao.

Jumatatu, 21 Oktoba

Jua. Nimeangalia kamusi mbili. Zote ziko upande wa mtoto.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mahindi yametoka kwa sababu Nthenya anayanywesha kwa mkebe. Majirani waliopanda kwenye vumbi bado wanatazama mbingu. Mawingu huja mchana upande wa Mutitu, yanasimama kidogo, yanaondoka.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua! Imenyesha jana usiku na leo asubuhi. Harufu ya udongo imeingia mpaka kwenye vitabu. Kilonzo nimemsikia akiimba ng'ambo ya minyaa, na hata hilo sikulichukia.

Lakini Nthenya ametoka mbio na kutandaza ile nailoni juu ya mabomba. Sasa nusu ya kipande chetu ina paa. Maji yanateremka pembeni na kuingia mtaroni, na mahindi yamesimama chini yake makavu kama maharusi. Nilimuuliza ana maana gani. Alisema ndio jaribio lenyewe: nusu inapata mvua, nusu inanyimwa, kisha analinganisha mizizi.

"Yaani umejenga nyumba ya kuzuia mvua."

"Ndiyo, Baba."

"Hapa Kitui."

"Ndiyo."

Niliangalia barabarani. Akina mama wa kanisa, Kaveke na wenzake, walikuwa wamesimama na majembe begani wakitazama. Hawakusalimu.

Jumanne, 5 Novemba

Jua.

Ijumaa, 8 Novemba

Jua. Pojo za watu zimeanza kulala.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua ya tarehe mbili ilikuwa ya kwanza na mpaka leo ndiyo ya mwisho. Kanisani Mchungaji alitangaza wiki ya kufunga na kuomba. Niliona watu wakigeuka kutazama benchi letu. Syombua, ambaye jina lake lenyewe kwa Kikamba lina mvua ndani, alitazamwa kwa namna ya masikitiko, kama aliyesalitiwa na damu yake.

Tukitoka nilisikia Kaveke akimwambia mtu: "Mvua ilikuja vizuri tu. Ikaona paa. Ikarudi."

Jumatano, 13 Novemba

Nitaandika kweli hapa, maana shajara isiyo na kweli ni barua ya kuomba kazi.

Leo asubuhi nilikwenda peke yangu chini ya lile paa. Mahindi mengine yamejikunja majani kama sigara. Mistari miwili mitatu bado imesimama, haina habari. Nikatazama nailoni, nikatazama mbingu iliyo wazi juu yake, na mimi, mtu mwenye cheti cha ualimu, nikajiuliza: je, kama ni kweli?

Nilimwendea Nthenya taratibu. Nilimwambia si lazima atoe paa lote. Angekunja upande mmoja tu, wa barabarani, watu waone.

Alikuwa anaosha chupa zake. Hakuinua kichwa.

"Baba, wewe pia?"

Maneno matatu tu. Nilijifanya nimekwenda kutazama kuku. Kuku wote wazima.

Alhamisi, 14 Novemba

Wazee wamekuja, Kilonzo mbele, Mchungaji Kimeu nyuma akionekana kama mtu aliyeletwa. Syombua alitoa chai. Kilonzo hakugusa kikombe, na mimi namjua Kilonzo: chai hajawahi kuikataa, hata matangani.

"Mwalimu," alianza, "mtu akijenga paa kuzuia mvua, na mvua ikakataa kuja, huyo mtu tumwiteje?"

Nilikuwa natafuta jibu la hekima. Nthenya akajibu kutoka mlangoni.

"Tumwite mtu aliyenunua nailoni bure, Mzee Kilonzo. Kama mvua haiji, paa linazuia nini?"

Mchungaji alikohoa kwenye kikombe. Nilijua anacheka. Kilonzo hakucheka.

"Mtoto, mimi nina ng'ombe wawili na pojo ya kula mwaka mzima. Zinakufa. Wewe unacheza na mizizi. Hata kama sio wewe unafunga mvua, huoni haya kuombea jua wakati sisi tunaombea mvua?"

Hapo Nthenya alikaa. Aliketi kabisa, kwenye kiti kidogo cha mama yake, akazungumza bila ukali wowote.

"Siombei jua, Mzee. Mwaka niliokuwa darasa la saba hatukuvuna kitu, mnakumbuka. Baba alikuwa anatembea mpaka shule bila kula ili sisi tule. Alifikiri sijui. Nataka kujua ni mahindi gani mizizi yake haikati tamaa, na ni kitu gani ndani yake kinafanya hivyo, ili mbegu hiyo tuizalishe. Nimebakisha wiki moja. Jumamosi ya wiki ijayo naletewa vyombo vya kugandisha, nitakata ncha za mizizi, halafu paa nitalitoa kwa mikono yangu. Lakini mizizi ikilowa kabla, itabadilika hapo hapo, na kazi yote imepotea."

Sikujua kwamba alijua. Nilitazama dirishani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mchungaji akapatanisha. Jumamosi hiyohiyo kanisa lote litakuja kuomba mvua hapa kando ya shamba, chini ya hema la kanisa. Nthenya atafanya kazi yake, na maombi yakiisha paa litoke mbele ya watu wote. Kilonzo alikubali, akaongeza sharti: maombi ya mvua yaongozwe na mimi.

"Ili tujue mwalimu yuko upande gani," alisema, kisha akanywa chai yote kwa mkupuo.

Jumapili, 17 Novemba

Jua.

Jumanne, 19 Novemba

Jua. Natunga maombi. Kuna ugumu wa kisarufi: naomba mvua inyeshe, lakini isinyeshe kabla ya saa nane mchana.

Alhamisi, 21 Novemba

Jua, lakini mchwa wameanza kutoa mbawa, dalili ya mvua. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika nikiwa nimejifunga blanketi.

Gari la chuo lilifika saa tatu na mtungi mkubwa wa nitrojeni ya majimaji. Dereva alipofungua mfuniko moshi mweupe ukamwagika chini, ukatambaa kwenye nyasi. Kaveke, aliyekuwa wa kwanza kufika, alitamka jina la Yesu na kurudi nyuma hadi barabarani. Nthenya alimwita akamwonyesha: akatumbukiza jani la mpapai, likatoka gumu, likavunjika kama kioo. Kaveke akaomba arudie. Kufikia saa nne akina mama wote walikuwa wamevunja jani.

Hema likasimamishwa. Watu wakajaa. Nthenya na dereva wakaanza mstari wa kwanza chini ya paa: chimbua, suuza, kata ncha, tumbukiza. Haraka sana, maana alisema protini zile hubadilika mara mzizi unaposhtuka. Kazi ya mistari kumi na mmoja, na watu wawili.

Saa tano nikaitwa kuomba. Nilianza vizuri. Nilikuwa na aya ya kuungama, aya ya shukrani, na nilikuwa nimeingia kwenye aya ya mvua yenyewe. Macho nimefumba. Sauti yangu, nasema bila kujisifu, ilikuwa inapanda. "Bwana, fungua madirisha ya mbinguni! Bwana, usituhesabie makosa yetu! Bwana, fungua!" Watu wakaitikia. Nikasikia upepo. Kitu baridi kikanipiga kwenye kipara.

Nikafumbua jicho moja. Upande wa Mutitu mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Upepo ulikuwa umeshika kona ya nailoni na kuivuta, ikapasuka kwa mlio wa kuchana shuka, nusu ya paa ikaruka juu ya minyaa ikaingia kwa Kilonzo. Nthenya alikuwa kwenye mstari wa nne. Alijitupa juu ya mahindi kwa kifua chake, mikono ameitandaza, kama kuku juu ya vifaranga.

Na mimi, mbele ya kanisa zima, kwa sauti ile ile ya kupanda, nilisema:

"Bwana, ngoja kidogo!"

Macho yote yakafumbuka.

"Mwalimu," Kilonzo alisema, "unamwambia nani angoje?"

Nilisema, "Mtoto wangu hajamaliza."

Kisha Syombua, mke wangu, ambaye katika ndoa yetu yote sijapata kumsikia akipaza sauti kanisani, alishika nguzo ya hema na kuing'oa.

"Inueni hema!" alisema. "Mnangoja nini? Inueni!"

Kaveke akashika ya pili. Mchungaji akavua koti akashika ya tatu. Hema la kanisa letu limesitiri arusi na mazishi yote ya upande huu, lakini sijawahi kuliona likitembea. Lilitembea. Lilivuka mtaro likiyumba, watu chini yake wakigongana, mmoja akiimba, mwingine akilia "miguu yangu!", likatua juu ya mistari ile wakati mvua inaanza kushuka kwa nguvu.

Nguzo ya kona ndiyo ilikuwa nzito, na ilikuwa nje ya kivuli cha turubai. Aliyekuwa ameishika ni Kilonzo. Alisimama pale wazi, maji yakimshukia kichwani, yakimwingia kwenye shingo ya shati lake la ibada.

"Mtoto, fanya haraka!" alinguruma. "Mimi ni mzee!"

"Nimefika G, Mzee!"

"Hiyo G iko mbali?"

"Bado nne!"

"Bwana asifiwe, lakini fanya haraka!"

Mimi nilichimba mtaro wa kugeuza maji kwa kutumia sufuria ya chai. Syombua alisuuza mizizi. Kaveke ndiye aliyekuwa akitumbukiza kwenye moshi, na alimkaripia kila aliyekaribia. Kila ncha ilipoingia ilitoa mlio mdogo, tss, na watu walikuwa wameanza kuitikia "Amina" kwa kila tss, bila mtu kuwaagiza.

Nthenya alipokata ya mwisho alisimama, akafunga mtungi, akatikisa kichwa kukubali. Basi watu wakaliachia hema, wakatoka nje, wote, wakasimama kwenye mvua waliyoiomba.

Kilonzo bado alikuwa ameshika nguzo. Ilibidi nimwambie kazi imekwisha.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua. Ibada fupi. Nusu ya waumini wana mafua.

Jumatano, 27 Novemba

Mvua. Kilonzo anakohoa. Nimempelekea tangawizi. Alisema si kali.

Jumatatu, 2 Desemba

Nthenya amerudi Nairobi na mtungi wake. Alipokuwa anapanda gari nilitaka kumwambia jambo kuhusu ule mwaka wa darasa la saba. Nilimwambia afunge mkanda.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua. Pojo zinachanua. Afisa Mbuvi alipita, akauliza kama ule ute tayari unauzwa.

Alhamisi, 26 Desemba

Tumekula chapati mpaka aibu. Nthenya alikuja siku mbili. Anatembea hapa nyumbani akiongea peke yake. Nilimsikia akisema "vifuko" kwa Kiswahili. Nilijifanya sikusikia, nikaenda nyuma ya ghala nikacheka.

Jumamosi, 25 Januari

Matokeo yametoka. Nthenya amekuja nayo mwenyewe.

Alinionyesha picha. Zimepigwa kwa darubini kubwa ya chuo, za seli za ncha ya mzizi. Mahindi ya duka, yaliyokaa chini ya paa: seli imejaa vidoadoa, vimesongamana ukutani kwa ndani, havitoki. Vile ndivyo vifuko. Ute upo, umeshatengenezwa, umefungwa, lakini protini za kupokea zimekwisha pale kwenye utando. Kisha akanionyesha herufi J. Seli safi, vidoadoa vichache tu, na nje yake wingu pana la ute. Protini zote ziko mahali pake, kwenye ukame uleule, siku ileile.

"Zingine zilijaribu," alisema, "lakini hii J sijapata kuona mfano wake. Msimamizi wangu amenipigia simu mara mbili."

Nilijikaza, nikauliza kwa utulivu wa mtu anayejua jibu, "Na J ni ya nani?" Tayari nilikuwa nimeona jina langu vitabuni: Mahindi ya Munyao.

"Ya Mzee Kilonzo."

Yetu ilikuwa C. Nilimuuliza C ilifanyaje. Alinishika bega, akasema C ilijitahidi.

Jumapili, 26 Januari

Nthenya ameondoka asubuhi, na amenipa kazi ya kumpelekea Kilonzo habari. Nimekaa nayo mpaka baada ya chakula. Nilifikiri kumtuma Syombua. Syombua alinivisha kofia na kunifungulia mlango.

Kilonzo alikuwa uani, anapura pojo peke yake. Hakunikaribisha. Nikavuta gogo, nikaketi, nikamwambia moja kwa moja: kati ya mbegu zote za Matinyani, zako ndizo zimeshinda. Mizizi yake haikuacha kufanya kazi hata siku moja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa majivuno yake. Nilikuwa na majibu matatu.

Aliweka fimbo chini. Akajipangusa mikono kwenye suruali, polepole, kimoja kimoja, kila kidole.

"Hizo sio zangu," alisema. "Ni za Mbula."

Mbula ni marehemu mkewe.

"Kila mwaka alikuwa anachagua hindi moja moja, anatundika jikoni juu ya moshi. Mimi nilikuwa namwambia anajaza nyumba takataka. Zile nilizoleta ndizo alizotundika mwisho. Nilitoa nusu tu. Nusu ile nyingine sikuweza."

Kuku wake walikuja wakala pojo iliyotawanyika, na hakuna kati yetu aliyewafukuza.

Kisha alipiga chafya, akaingia ndani, akatoka na vikombe viwili vya chai iliyokuwa na sukari nyingi mno, akaketi karibu yangu kwenye gogo lilelile.

"Sasa Mwalimu, niambie kile mtoto aliona. Lakini usilete Kiswahili cha redio."

Basi nikamweleza. Nilianza na seli. Nikamwambia jinsi inavyotengeneza ute na kuufunga kwenye vifuko, na jinsi vifuko vinavyokwenda mpaka kwenye utando na kupokelewa. Nikamwambia mahindi mengine jua likizidi zile protini za kupokea zinapotea, vitu vinabaki vimejaa ndani, na mzizi unakauka ukiwa na dawa yake tumboni. Nikamwambia kwenye mahindi ya Mbula hazipotei. Kifuko kinafika, kinashikwa, kinavutwa, kinaungana, na ule ute unatoka nje kwenye udongo mkavu, unakusanya maji kidogo kidogo.

Alisikiliza kichwa ameinamisha, anatazama chai yake.

"Rudia hapo," alisema.

"Wapi?"

"Hapo kifuko kinafika, kinapata mtu anakingoja."

Nikarudia.